Mwaloni Mwembamba wa Mijini: Ufinyu wa Taji si Udogo wa Mti

Mtu anayefungua orodha ya kitalu cha miti huko Uholanzi au Ujerumani akitafuta mwaloni wa kupanda kando ya barabara ya mtaa hukuta maelezo yanayofanana kwa miti isiyofanana hata kidogo. Mmoja umeelezwa kuwa una taji finyu, wa pili kuwa una taji lililoshikamana, wa tatu kuwa unafaa mahali penye nafasi ndogo, na picha zote ni za miche michanga, ambayo katika umri huo karibu yote huonekana myembamba. Miaka 30 baadaye mmoja utakuwa umesimama kama mnara, mwingine utakuwa mpira uliokaa juu ya nguzo, na ule wa tatu, ikiwa muuzaji hakuwa mwangalifu, utakuwa mwaloni wa kawaida unaosugua madirisha ya ghorofa ya pili. Chanzo cha mkanganyiko huo ni kwamba neno moja la kibiashara limebebeshwa mambo matatu: umbo la taji, ukubwa wa mti, na namna mche ulivyozalishwa.

Kabla ya kuyatenganisha mambo hayo, jina lenyewe linahitaji neno moja au mawili. Msomaji wa Mwanza akisikia "mwaloni" atakumbuka samaki na soko la Kirumba, kwa sababu kando ya Ziwa Viktoria mwalo ni mahali pa kutia mitumbwi. Mwaloni unaozungumziwa hapa ni ule mti ambao wengi wetu tuliujua kwanza kwa jina tu, kupitia mialoni ya Mamre katika kitabu cha Mwanzo, bila kuwahi kuuona. Si ajabu, kwani mialoni ya asili iko kaskazini mwa dunia: Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini, na katika bara letu iko hasa ukanda wa Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara ipo ile iliyoletwa na watu, na mfano unaojulikana zaidi ni Stellenbosch nchini Afrika Kusini, mji ulioanzishwa mwaka 1679 na kupandwa mialoni kwa wingi hadi ukapewa jina la utani la Mji wa Mialoni. Mialoni ya Stellenbosch, hata hivyo, ni ya umbo pana la kawaida, na umbo hilo pana ndilo linalowashinda wapanga miji wa leo.

Mwaloni wa kawaida wa Ulaya, ambao wataalamu huuita Quercus robur, hufikia urefu wa kati ya mita 20 na 40, na ukikua peke yake uwanjani matawi yake hutandaa pembeni kiasi kwamba upana wa taji unaweza kuzidi mita 20. Jani lake hutambulika kwa urahisi: lina mapindo ya mviringo kama ukingo wa wingu, kikonyo chake ni kifupi mno, na mahali jani linapoungana na kikonyo pana vijisikio viwili vidogo vilivyojikunja. Kokwa zake, kila moja imekaa ndani ya kikombe chake, huning'inia kwenye uzi mrefu. Ni mti wa kuishi karne kadhaa, wenye mbao ngumu na mizizi inayotafuta kina, na hakuna anayebishana juu ya heshima yake katika bustani kubwa. Tatizo ni barabara ya mjini, ambapo upande mmoja kuna jengo, upande wa pili kuna mabasi na malori yanayohitaji zaidi ya mita 4 za uwazi juu ya lami, na katikati kuna nyaya na taa. Huwezi kuuambia mwaloni uishi ndani ya ukanda wa mita 5 kwa kuupogolea kila mwaka. Kupogolea kwa namna hiyo huacha vidonda vikubwa, huingiza kuvu, na humaliza fedha za halmashauri.

Ufumbuzi haukutoka maabara. Ulitoka kwenye mti mmoja ulioota Harreshausen, kijiji ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Babenhausen katika jimbo la Hesse, Ujerumani. Mwaloni huo, ambao Wajerumani huuita "mwaloni mzuri" na ambao umri wake unakadiriwa kuzidi miaka 500, haukutandaza matawi. Kila tawi, badala ya kwenda pembeni, lilipanda juu likifuatana na shina, hata mti mzima ukafanana na mvinje mkongwe au na ile misaipresi inayoonekana katika picha za Italia. Watu wa eneo hilo waliustaajabia kwa muda mrefu, na mwishoni mwa karne ya 18 watunza bustani walianza kuchukua vikonyo vyake, yaani vipande vya vitawi, na kuvibebesha (kuviunganisha vikue) kwenye miche ya mwaloni wa kawaida. Kutoka hapo ukaenea katika bustani za wakuu, kisha katika makaburi na viwanja vya umma, na hatimaye barabarani. Katika vitabu vya bustani jina lake huandikwa Quercus robur 'Fastigiata', na neno hilo la mwisho lina mzizi katika neno la Kilatini linalomaanisha kilele cha paa. Alama ndogo za kunukuu zinazolizunguka si pambo. Zinamwambia msomaji kwamba hii si spishi mpya bali ni aina ya bustani, yaani mti wa spishi ileile ulioteuliwa na kuhifadhiwa na binadamu kwa ajili ya sifa fulani.

Sifa hiyo ni pembe. Katika miti mingi tawi linapochipuka hujipangia pembe yake dhidi ya mvuto wa dunia na kuishikilia, na ukilipinda kwa kamba kisha ukalifungua litajaribu kurudi kwenye pembe hiyo. Mwaloni wa kawaida hupanga matawi yake karibu na ulalo, huku mwaloni wa Harreshausen ukiyapanga karibu na wima. Hapa inafaa kuutaja mti ambao wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaujua vyema, ule mrefu mwembamba wenye majani ya kung'aa yenye kingo za mawimbi, ambao wengi huuita ashoki na ambao hupangwa mstari mbele ya hoteli na kando ya kuta. Kwa mbali ashoki na mwaloni huu vinafanana, lakini vimepata wembamba kwa njia zilizo kinyume: ashoki hushusha matawi yake chini na kuyalaza kando ya shina kama mikono ya askari aliyesimama wima, ilhali mwaloni huyainua yote juu. Tofauti hiyo ina athari zake. Matawi yanayopanda sambamba na shina hubanana nalo, na pale yanapokutana gome linaweza kufungiwa ndani ya kiungo, jambo linalodhoofisha mshiko. Theluji nzito au upepo mkali huweza kulitanua taji lililokuwa limefunga, na tawi moja likitoka nje ya mstari mti hupoteza sura yake. Ndiyo maana vitalu vizuri hupunguza mapema vilele vinavyoshindana na kuacha shina moja la katikati.

Sasa tuje kwenye suala la mbegu, ambalo ndilo linalowachanganya wanunuzi zaidi ya yote. Wakulima wa parachichi wa Njombe, Rungwe au Murang'a hawahitaji maelezo marefu: ukipanda kokwa ya Hass hupati Hass, unapata mparachichi usiojua utazaa nini, kwa sababu ua la mama lilipokea chavua ya baba asiyejulikana. Anayetaka Hass hukata kikonyo cha Hass na kukibebesha kwenye shina la mche mwingine. Mwaloni mwembamba una kanuni hiyohiyo, ila una hila yake. Ukipanda kokwa zake, baadhi ya miche itaota ikiwa imesimama wima kama mama, baadhi itakuwa mipana kama baba, na baadhi itakuwa katikati, haieleweki. Kwa kuwa miche iliyosimama wima ilipatikana kwa mbegu mara nyingi vya kutosha, jina 'Fastigiata' halikubaki kwa watoto wa vikonyo vya mti mmoja tu. Lilikwenda kwa kila mwaloni wa spishi hiyo wenye umbo la mnara. Matokeo yake ni kwamba miti 20 iliyonunuliwa kwa jina hilo moja inaweza kuwa na mapana tofauti kabisa, na ikipandwa kwenye mstari tofauti hizo huonekana baada ya miaka 15, wakati ambapo hakuna wa kurudishiwa mali.

Wakuza miche wa Uholanzi walilijibu tatizo hilo kwa kuteua mti mmoja uliofunga vizuri zaidi, wakaupa jina la 'Fastigiata Koster', na kuuzalisha kwa vikonyo tu. Miti yote yenye jina hilo, kwa hiyo, ni mti mmoja kwa urithi, uliorudiwa maelfu ya mara. Taji lake huwa jembamba na mnene kuliko la 'Fastigiata' ya jumla, na hubaki hivyo uzeeni. Mnunuzi mwenye barabara ya kupanda anapaswa kujali neno hilo la pili kwenye kibandiko kuliko bei, na akifika kitaluni ainame atazame sehemu ya chini ya shina. Kwenye mche uliobebeshwa, sentimita chache juu ya udongo, huonekana kipindo au uvimbe mdogo ambapo gome la shina la chini na gome la kikonyo zimekutana, mara nyingi kwa mchirizi wa ukali tofauti. Mche usio na alama hiyo unastahili swali.

Umbo la pili linalouzwa kwa sifa ileile ni la mpira, na mfano wake unaofahamika ni Quercus palustris 'Green Dwarf'. Spishi yenyewe inatoka mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, ina majani yenye ncha kali na hugeuka nyekundu majira ya kupukutika, na ni jamaa wa mbali wa mwaloni wa Ulaya. 'Green Dwarf' ni mbilikimo halisi: vitawi vyake hukua polepole na kwa kubanana, kiasi kwamba ukiachwa ardhini ungekuwa kichaka cha mviringo. Ili uwe mti, kikonyo chake hubebeshwa juu, kwenye shina lililokwisha kufikia mita 2 au zaidi kidogo, na kuanzia hapo mpira hunenepa taratibu bila shina kurefuka tena. Hapa ndipo palipo tofauti kubwa na mnara wa Harreshausen. Kimo cha taji la 'Green Dwarf' kinaamuliwa na kisu cha mbebeshaji; mtu aliyenunua mche uliobebeshwa chini sana hatapata kamwe nafasi ya kupita chini yake, hata akisubiri miaka 50. Mti huu unafaa mbele ya nyumba, kwenye uwanja mdogo au katikati ya maegesho, na haufai hata kidogo pale ambapo mbunifu alitaka barabara yenye fahari. Usipandwe pia kwenye udongo wa chokaa, kwa kuwa spishi hii hushindwa kuchukua chuma katika udongo wa namna hiyo na majani yake hupauka kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Ubebeshaji wa mialoni, kwa njia, si kazi ya kubahatisha. Jenasi hii, yaani ukoo mzima wa mialoni, imegawanyika katika makundi, na makundi mawili yanayohusika hapa ni mialoni myeupe, ambayo kokwa zake hukomaa katika msimu mmoja, na mialoni myekundu, ambayo wengi wao huchukua misimu miwili. Kikonyo cha kundi moja hakidumu kwenye shina la kundi jingine: huweza kushika, kikachipua na kumfurahisha mwenyewe kwa miaka kadhaa, kisha kiungo kikakatika ghafla. Ndiyo maana mwembamba wa Ulaya hubebeshwa kwenye Quercus robur na 'Green Dwarf' kwenye Quercus palustris.

Turudi kwenye ukubwa. Mwaloni wa 'Fastigiata' uliokomaa una urefu wa kati ya mita 15 na 20, na upana wa mita 3 hadi 5 hivi. Huo si mti mdogo. Ni mti mkubwa uliojikunja. Majani yake yote yanahitaji maji, na maji hutoka ardhini, na mizizi haikupokea agizo lolote la kusimama wima. Kosa linalorudiwa ni kuupa mti huu shimo la mita moja za mraba katikati ya lami kwa hoja kwamba taji lake ni finyu. Kwa miaka mitano ya mwanzo utaonekana hauna neno, kisha ukuaji utasimama, ncha zitaanza kukauka kuanzia juu, na mizizi iliyokosa njia itainua vigae vya njia ya miguu. Mwenye nafasi finyu juu ya ardhi bado anadaiwa nafasi pana chini yake: udongo usioshindiliwa, wenye hewa, na mahali pa maji ya mvua kuingia.

Kupanda kwenyewe kuna ugumu wake, kwa sababu mche wa mwaloni hupeleka mzizi mkuu chini kabla ya kufanya jambo jingine, na ukiukata mzizi huo siku ya kuung'oa unakuwa umeukata mti mikono. Vitalu vya Ulaya huzuia hilo kwa kuuhamisha mti kila baada ya miaka michache ndani ya kitalu chenyewe, ili ujizoeze kuotesha mizizi mingi midogo karibu na shina, kisha huuza ukiwa na bonge la udongo lililofungwa kwa gunia na waya. Mti unaouzwa hupimwa kwa mzingo wa shina katika kimo cha mita 1 kutoka ardhini, na namba kama 14-16 kwenye kibandiko ni sentimita za mzingo huo, wala si umri wala urefu. Baada ya kupandwa unahitaji kumwagiliwa katika majira ya joto ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, na mingi inayokufa hufa kwa kiu katika kipindi hicho.

Adui wa kudumu wa mwaloni mwembamba ni ubwiriunga. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu ugonjwa wa jina hilo kwa maumivu ya mfukoni, ule unga mweupe unaofunika maua na majani machanga na kuwalazimu kununua salfa kila msimu. Kuvu inayoushambulia mwaloni wa Ulaya ni ya jamii ya karibu na hiyo, na ililipuka barani humo mwaka 1907, ikaenea haraka na haijaondoka tena. Majani yaliyobanana ya taji finyu hukaa bila upepo wa kutosha kati yake, na hiyo ni starehe kwa kuvu. Kuvu hiyo haiui mti mkubwa, ila kufikia mwezi wa Agosti mti huonekana kama umemwagiwa unga wa ngano, jambo lisilopendeza kwa mti ulionunuliwa kwa ajili ya sura. Kupuliza salfa juu ya barabara yenye watu hakuwezekani, kwa hiyo njia iliyobaki ni uzazi. Huko Illinois, Marekani, mwaloni mwembamba wa Ulaya ulichanganyika na Quercus bicolor, mwaloni wa Kimarekani wa ardhi yenye maji ambao jani lake ni kijani juu na jeupe chini. Kutoka mchanganyiko huo uliteuliwa mti unaouzwa kama Regal Prince, wenye umbo la wima la mzazi mmoja na jani safi lisilougua kirahisi la mzazi wa pili. Kundi zima la machotara hao limepewa jina la Quercus × warei, kwa heshima ya George Ware, mtaalamu wa miti wa bustani ya Morton Arboretum. Machotara hao ni wapana kidogo kuliko Koster, na kwa maoni yangu upana huo ni bei ndogo ya kulipa kwa jani lenye afya.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: mti mwembamba una kivuli chembamba. Mstari wa 'Fastigiata Koster' huongoza macho hadi mwisho wa barabara na hukaa na sura hata wakati wa baridi, kwa kuwa majani makavu ya rangi ya kahawia hubaki yameshikilia vitawi hadi karibu na masika, yakichakarika kwa kila upepo. Lakini mchana wa Julai mtembea kwa miguu hupata utepe wa kivuli wa hatua tatu, kisha jua, kisha utepe mwingine. Miji inayolalamikia joto huku ikipanda minara mitupu inajipinga yenyewe. Mahali pa mti huu ni pale ambapo mti mpana hauwezi kabisa kukaa. Penye uwanja, upandwe mpana, na mwembamba uwekwe langoni au kwenye kona kama alama.

Hoja ya mwisho inahusu ule usawa uliotafutwa kwa vikonyo. Barabara ya miti 60 ya Koster ni mti mmoja mara 60, na ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote. Wapanga miji wa Ulaya na Marekani hawajasahau jinsi ugonjwa wa kunyauka kwa mielmi, miti mikubwa ya kivuli, ulivyoacha barabara nzima tupu katika karne ya 20, na mwaka 1990 Frank Santamour, Mmarekani mtaalamu wa urithi wa miti, alipendekeza kipimo ambacho ofisi nyingi za bustani bado hukitumia: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Kwa mwaloni tishio hilo si la kinadharia. Viwavi wa nondo ambao hutembea kwa msururu juu ya magome ya mialoni, na ambao nywele zao huwasha ngozi na kusumbua pumzi, wamekuwa kero ya kila mwaka Uholanzi na Ubelgiji, ambako wafanyakazi waliovaa mavazi ya kufunika mwili mzima huwafyonza kutoka kwenye matawi kwa mashine. Waliingia London pamoja na miti iliyoagizwa kutoka bara la Ulaya katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2019 Uingereza ilikaza masharti ya kuingiza mialoni baada ya kuwakuta tena kwenye miti iliyotoka kupandwa. Ndiyo sababu halmashauri iliyokuwa tayari kuagiza minara yake yote kwenye lori moja sasa huulizwa kwanza mche umekulia wapi, na kwa misimu mingapi.